Upepo wa Bwana Shauri

Kamba ilipita kwenye tundu la ukuta, tundu la kupitisha ngumi tu, na upande wa nje wa tundu hilo ndipo alipokaa Lemayian. Alikalia jiwe. Jiwe lilikuwa limeiva kwa jua la tangu asubuhi, na kipande cha marekani alichojifunga kiunoni hakikusaidia kitu. Alivuta kamba, akaachia. Akavuta, akaachia. Mkono ukichoka aliifunga kamba kwenye dole gumba la mguu akavuta kwa mguu. Mguu ukifa ganzi alirudi kwenye mkono. Ndani, mahali asipopaona, kitambaa kikubwa kilichoning'inia kwenye boriti kilikwenda mbele na kurudi nyuma juu ya meza ya Bwana Shauri, kikimpepea.

Kitambaa kile kiliitwa pangaboi. Mvutaji naye aliitwa pangaboi, na pale bomani hakuna aliyeona haja ya kuwatofautisha.

Watu wa Arusha walikuwa na kicheko chao juu ya jambo hili, kicheko cha chinichini, maana boma halichekwi hadharani. Upepo wa Meru hushuka bure. Hata kiangazi, jua likishaegemea magharibi, unateremka na mto Themi, unapita kwenye migomba, unaingia kwenye kila nyumba isiyofungwa mlango. Lakini Bwana Shauri alikuwa amekaa pwani kwanza, homa ikamtafuna huko mpaka ikamwachia macho ya manjano, na aliamini kwamba upepo wa nje ndio unaobeba homa. Basi madirisha ya chumba cha shauri yalifungwa kutwa nzima. Bati likawaka juu, watu wakajazwa mle ndani na jasho lao, ndipo akatafutwa mtu wa kutengeneza upepo mwingine kwa kamba. Mzungu ana akili bwana, walisema watu. Upepo wa Mungu ameufungia nje, anatumia wa Lemayian.

Lemayian hakucheka. Anayevuta kamba tangu asubuhi hana pumzi ya kuchezea. Alikuwa amechukuliwa kwa ajili ya kodi ya kichwa, ya kwake na ya baba yake, baada ya sotoka kumaliza ng'ombe wao wakubwa wasibaki na cha kuuza. Wenzake wa rika moja walipelekwa kuchonga barabara. Siku ya kuwagawa, walisimamishwa uani, Bwana Shauri akapita mbele yao akimwuliza kila mmoja swali kwa Kiswahili, na aliyejibu alisogezwa pembeni. Lemayian hakujibu kwa sababu hakuelewa. Ndiyo maana akapewa kamba. Bwana Shauri alitaka mvutaji asiyesikia yanayosemwa mezani, na kwa kuwa kiziwi hakupatikana, mtu wa mlimani asiyejua Kiswahili alitosha.

Hakuwaza kwamba panapopita kamba hupita na maneno. Mvua za masika zilikwisha, baridi ikaja ikaenda, na muda wote huo sikio la Lemayian lilikuwa ukutani. Ndani mle kila neno lilisemwa mara mbili: Bwana Shauri analisema kwa Kiswahili chake kikavu, kisha mkalimani Jamaldini analigeuza kwa Kimaa ili wazee waelewe. Hata punda angejifunza. Kufikia kiangazi hiki Lemayian alielewa yote, na hakumwambia mtu. Aliogopa kupelekwa barabarani, ambako watu walikuwa wakifa kwa kuhara.

Aliyejua ni mmoja tu, Batuli, mke wa Jamaldini, mwanamke wa Pangani aliyemfuata mumewe huku bara na ambaye ndiye aliyekuwa akimshonea Bwana Shauri. Siku moja Lemayian alikwenda kuchukua kitambaa kilichofuliwa, na ulimi ukamponyoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Batuli akainua macho kwenye sindano. "Kumbe."

Lemayian akatazama chini.

"Mimi sikusikia kitu," alisema Batuli. "Na wewe usiwe na haraka ya kuamkia watu. Haya, shika huku, tukunje."

Tangu siku hiyo alimsemesha, kwa kuwa alikuwa na upweke wake na mumewe alirudi nyumbani amechoka kusema. Alimweleza kwamba marekani mpya haifai kwa pangaboi. Ina wanga, ngumu kama ngozi ya ng'ombe, inapiga kelele tu bila upepo. Yeye aliifua mpaka ikalegea, akashona mbili pamoja na kuacha wazi katikati zishike hewa, kisha chini akatia upindo wa turubai uipe uzito. "Upindo ukiulowanisha vizuri, upepo unashuka wa baridi kama wa mtungini," alisema. "Ukiwa mkavu, ni kumpepea mtu kwa joto lake mwenyewe." Kila kilichomgusa Bwana Shauri kilikuwa cha kumpoza. Suti yake ilikuwa ya pamba nyepesi nyeupe. Shati la ndani lilikuwa la matundu matupu, limefumwa kama wavu, ili mwili upumue. Lemayian alilishika shati lile kwenye kamba ya kuanikia akaona vidole vyake ng'ambo ya pili. Mwili wa mtu mmoja, kutunzwa namna hii. Yeye alichota maji Themi kila asubuhi, akaulowanisha ule upindo, akatoka nje kukaa juani, na upepo wa kitambaa kile hakuwahi kuuonja hata siku moja.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa maisha. Angeyavumilia mpaka kodi iishe, kama si yule Bwana Ndevu.

Bwana Ndevu alikuwa mzungu wa shamba, mwenye ndevu nyekundu zilizomfika kifuani, na alikuja kwa Bwana Shauri akitaka ardhi ya kulima pamba. Walizungumza lugha yao kwanza. Kisha Jamaldini akaitwa ataje majina ya mahali, na hapo wakahamia Kiswahili.

"Huku Nduruma, chini ya mfereji," alisema Bwana Ndevu. "Nimepita mara nyingi. Majani marefu, maji karibu, hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna ng'ombe. Hakuna mtu kabisa."

"Jamaldini, pale pa nani?"

"Wanasema pa ukoo wa mzee Lesikar, Bwana."

"Aitwe kwenye baraza lijalo. Aulizwe."

Kamba ilisita mkononi mwa Lemayian, na askari Selemani, aliyekuwa amekaa kivulini barazani na kiboko chake mapajani, akakohoa. Lemayian akaendelea kuvuta. Lesikar ni baba yake.

Mahali pale paliitwa alalili, na kila mtu wa upande ule alijua maana yake. Ni nyasi za ndama. Masika yakiisha wazee huzifunga, na tangu hapo ng'ombe haingii, mbuzi haingii, mtu hakatizi hata kama njia inamzungusha. Kiangazi kikikaza, mama zao wakipelekwa mbali kutafuta majani na ndama hawana miguu ya kuwafuata, ndipo wazee hukaa kikao wakafungua. Anayeingiza mnyama kabla ya hapo hutozwa dume. Lesikar ndiye mlinzi, kama baba yake kabla yake, na alishamtoza dume hata ndugu yake wa tumbo moja. Mwaka huu alalili ilikuwa jambo la kufa na kupona. Sotoka ilikuwa imewaachia mitamba michache, mitamba ikazaa, na ndama hao ndio waliokuwa mali yote ya nyumba. Simaloi, mke wa Lemayian, alikuwa na mtoto anayetambaa, maziwa yake yalikuwa yamekauka, na mtoto aliishi kwa maziwa ya hao mitamba. Alalili ikienda, ndama wanakufa. Ndama wakifa, mama zao wanakatika maziwa. Baada ya hapo Lemayian hakutaka kuhesabu.

Na alijua alalili itakwendaje, kwa sababu alishaisikia ikienda ya mwingine. Sumari, Mmeru wa kule Nkoaranga, alikuwa ameliacha shamba lake lipumzike, kama kila mwenye akili anavyoacha. Bwana Shauri akamwuliza, nani anakaa pale? Hakuna. Nani analima? Mwaka huu hakuna. Basi ni ardhi isiyo na mwenyewe, na ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Serikali. Ilichukua muda mfupi kuliko kukamua ng'ombe. Sumari alitoka nje akamwuliza Selemani kama shauri lake limeshaanza.

Simaloi alipokuja na kibuyu cha loshoro, mahindi ya maziwa ya mgando, Lemayian hakungoja hata kukifungua.

"Mwambie baba. Wakimwuliza nani anakaa pale, aseme sisi tunakaa."

"Mimi nimwambie baba yako?" Simaloi alimweka mtoto upande wa pili wa mgongo. "Kwa mdomo upi? Mimi mkwe, hata uso wake siutazami."

"Mwambie mama amwambie."

"Aseme mnakaa, na nyumba ziko wapi?"

"Ajenge kibanda. Hata kimoja, hata kibovu. Na aingize ndama wachache waonekane."

"Kwenye alalili? Haijafunguliwa?"

"Simaloi, nakwambia ninachokijua."

Alimtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayeweweseka. Lakini alikuwa mke mwema, na maneno aliyafikisha.

Siku ya baraza Lesikar alikuja mapema, na wazee wenzake nyuma yake. Alikuwa amevaa vazi lake la ngozi za pimbi, la heshima, lile ambalo hulivaa akienda kuamua mambo ya watu. Alizunguka ukuta mpaka penye jiwe. Lemayian aliinamisha kichwa, baba yake akamgusa utosini, na mkono ule ulikaa pale zaidi ya kawaida.

"Umekonda," alisema.

"Sijambo, baba."

"Nimepata maneno yako. Yametoka kwako, yakapita kwa mke wako, yakapita kwa mama yako. Maneno yakihitaji njia ndefu namna hiyo, ujue yana aibu ndani yake."

"Baba, humu ndani wana namna yao ya kuuliza."

"Kuuliza ni kuuliza."

"Wakisikia hakuna nyumba, wanachukua. Nimewasikia mimi."

"Unataka niingize ndama kwenye nyasi ambazo nimetoza watu madume kwa kuzikanyaga. Mbele ya wale." Akaelekeza fimbo kwa wazee. "Halafu nani ataniheshimu? Nitasema ukweli. Nitawaambia tumeilinda vipi. Mtu yeyote akisikia tulivyoilinda atajua ina wenyewe."

"Ukweli wetu ukifika humo unageuka."

"Nani anaugeuza? Yule mkalimani?"

Lemayian alitamani kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi. "Hapana," alisema. "Yule anasema sawasawa."

"Basi," alisema Lesikar, akaenda zake kuingia.

Chumba kilijaa, mlango ukafungwa. Lemayian alivuta. Kitambaa kilikuwa kizito kwa maji, na alijua kuwa juu ya meza, juu ya karatasi na suti nyeupe, ubaridi unashuka. Hadi kwa wazee haukufika. Walisimama karibu na mlango na ngozi zao, na hata kutoka nje alisikia harufu ya mafuta yanayoyeyuka mwilini, harufu ya nyumbani.

"Wewe ndiye Lesikar?"

Jamaldini akageuza. Lesikar akasema ndiye.

"Ile sehemu ya Nduruma, chini ya mfereji. Nani anakaa pale?"

"Hakuna anayekaa."

"Nani analima?"

Wazee walicheka kidogo. "Alime nani?" alisema Lesikar. "Hakuna mwenye macho makavu kiasi hicho."

"Kuna ng'ombe pale sasa?"

"Hata mmoja." Hapa sauti ya Lesikar ilipanda, na Lemayian aliitambua. Ndiyo sauti aliyoitumia kumsifu dume wake, kabla ya sotoka. "Tangu mvua zikatike hakuna kwato iliyokanyaga pale. Nenda kaangalie mwenyewe. Majani yanakufika kiunoni."

Lemayian alimsubiri Jamaldini akosee. Alimwombea akosee. Neno moja tu lipotee njiani, moja liongezwe, ni watu wangapi wameponywa na uongo wa mkalimani? Jamaldini alitafsiri neno kwa neno, kwa utulivu, vizuri kabisa, mpaka majani ya kiunoni.

Bwana Ndevu akasema kitu kwa lugha yao. Kiti kikalia.

"Na tangu lini hakuna watu?" aliuliza Bwana Shauri.

"Tangu enzi za baba yangu hakuna aliyejenga pale," alisema Lesikar. "Alinikabidhi hivyo, nami nimeilinda hivyohivyo."

Wazee waliguna kwa kukubali. Walikuwa wameridhika. Walidhani mwenzao amejibu vizuri mno, na kwa namna yao alikuwa amejibu vizuri.

Lemayian akaachia kamba.

Hakuamua. Mkono ulifunguka tu, kamba ikalegea kwenye tundu, na ndani kitambaa kikapunguza mwendo, kikayumba kidogo, kikatulia. Nzi wakaanza kusikika.

"Pangaboi," alisema Bwana Shauri.

Selemani akainuka kivulini.

"Pangaboi!"

Lemayian akaweka mdomo kwenye tundu. "Bwana Shauri," alisema kwa Kiswahili, "pale ni malisho ya ndama. Yanafungwa masika yakiisha, yanafunguliwa kiangazi kikikaza. Ndiyo maana hakuna mtu. Yana wenyewe."

Selemani alikuwa amesimama na kiboko chake, mdomo wazi.

"Nani huyo?"

"Ni pangaboi, Bwana," alisema Jamaldini.

"Pangaboi anajua Kiswahili?"

Hilo ndilo lililomshtua Bwana Shauri. Si ndama.

Lesikar aliuliza kwa Kimaa nani anaongea ukutani, ingawa alijua vizuri sana. Jamaldini alimweleza: ni mwanao, mzee, anasema pale ni malisho ya ndama. Mtoto alikuwa ameingilia kati maneno ya baba yake, mbele ya rika la baba yake, kwenye baraza la watu. Lemayian aliweza kuliona akilini mwake vazi la pimbi likisimama wima.

"Mtoto haingilii wazee," alisema Lesikar. Sauti ilikuwa imekauka. "Nimeulizwa mimi. Nimejibu mimi."

Jamaldini alilitafsiri na hilo.

"Umesema vema," alisema Bwana Shauri. Alikuwa ameshaanza kujifuta shingo kwa leso. "Serikali inaheshimu mila zenu. Mzee ndiye mwenye kusema, na mzee amesema hakuna mtu, hakuna shamba, hakuna ng'ombe, tangu enzi za baba yake. Ni ardhi isiyo na mwenyewe. Shauri limekwisha. Na yule huko nje apewe viboko hamsa ishirini. Kwa kusimamisha pangaboi."

Alilazwa palepale uani, mbele ya mlango, na kwa hiyo wazee walipotoka walimkuta. Selemani alipiga kama anavyopiga siku zote, bila chuki na bila huruma. Hakuwa mtu mbaya Selemani, alikuwa mtu mwenye kiboko tu, na jua lilimchoma yeye pia. Katikati ya kupigwa Lemayian aliona miguu ya baba yake na ile ya Jamaldini imesimama karibu, na aliwasikia.

"Sasa wazungu wanakuja lini kuiona alalili?" aliuliza Lesikar.

"Mzee, imeshachukuliwa."

"Imechukuliwa na nani? Si nimewaambia tumeilinda?"

"Kwao, pasipokanyagwa na mtu ni pa Serikali."

Kiboko kilishuka, kikashuka tena.

"Lakini nilisema ukweli," alisema Lesikar.

"Ulisema ukweli, mzee. Mimi mwenyewe niliufikisha."

Kwenye kamba aliwekwa mtu mwingine, aliyeletwa kutoka mbali, asiyejua Kiswahili wala Kimaa. Bwana Shauri akataka na kitambaa kipya. Batuli alikishona, na kile cha zamani akaambiwa akichane vipande virefu vyembamba, kwa ajili ya mzungu wa kupima ardhi, aliyehitaji kitu cheupe cha kufunga kwenye vigingi ili vionekane kwa mbali. Alipokuwa akichana, Lemayian alikuwa amelala kifudifudi kwenye uwanja wa nyumba ya Batuli, akipakwa mafuta na Jamaldini.

"Kazi yangu nzuri hii," alisema Batuli, na marekani ikalia ikipasuka. "Ilikuwa na miaka mingine ndani yake."

Vidonda vya mgongoni vilipofunga, kodi ilikuwa bado haijaisha. Lemayian akapewa mzigo wa vigingi, begani, na kifurushi cha vile vipande, akafuata msafara kushuka Nduruma. Mbele alikwenda mzungu wa kupima na chombo chake cha miguu mitatu, nyuma Selemani.

Kiangazi kilikuwa kimekaza. Njia nzima ardhi ilikuwa nyeupe kwa vumbi, na walipofika alalili ilisimama kijani iliyokolea manjano, ndefu, imenyamaza, ikivuka kiuno kama baba alivyosema. Mzungu aliingia bila kupunguza mwendo. Selemani akaingia. Lemayian alifika ukingoni miguu ikagoma yenyewe. Tangu azaliwe hajawahi kukanyaga pale siku zisizo zake.

"Twende bwana," alisema Selemani. "Usinitafutie maneno."

Akaingia. Nyasi zilivunjika chini ya nyayo zake kwa sauti aliyoichukia. Alipigilia kigingi, akafunga kitambaa. Akasogea, akapigilia kingine.

Alasiri aliona vumbi upande wa mlimani. Ilikuwa ni Lesikar na ndama. Walikuwa wa kuhesabika mbavu, vichwa vikubwa, miguu inapishana, na walikuwa wameshanusa majani. Lesikar aliwazuia ukingoni kwa fimbo. Hakuwa na vazi la pimbi. Alionekana mdogo. Nyuma yake, mbali kidogo kama ilivyopasa, alisimama Simaloi na mtoto mgongoni, na mtoto hakuwa akilia, jambo ambalo Lemayian hakulipenda.

Hawakuamkiana. Baba alitazama viatu vya mzungu katikati ya nyasi, akatazama vigingi, kisha akamtazama mwanawe alipokuwa amesimama.

"Lemayian," aliita. "Toka humo. Wazee hatujakaa bado."

"Baba, waingize tu."

"Haijafunguliwa."

"Baba, watakufa hapo. Waingize."

"Toka kwenye nyasi."

Ndama mmoja hakuwa na habari na wazee. Alipenya chini ya fimbo, akaingia, akafika kwenye kigingi cha karibu, na badala ya majani akadaka kitambaa. Pengine ni chumvi ya jasho la mikono iliyokifunga. Alikitafuna kwa bidii, kikaingia chote isipokuwa ncha. Selemani alimshika sikio.

"Huyu kala mali ya Serikali," alisema, na alisema kwa uchovu, akimwangalia mzungu kama ameona. Mzungu alikuwa ameona. Alifanya ishara kwa kidole, kuelekea bomani. "Haya. Anakwenda boma. Mfunge kamba. Na kitambaa kirudishe pale."

Lemayian alimwangalia baba yake. Lesikar alikuwa hatua chache tu kutoka kwa ndama wake, hatua ambazo hata mtoto angezipiga, lakini vidole vya miguu yake vilikuwa vimesimama mwisho wa vumbi, pale nyasi zinapoanzia, na hakuvisogeza.

Basi Lemayian alipiga magoti, akamfungua ndama mdomo, akakivuta kitambaa. Kilitoka kirefu, kimelowa mate. Alikitambua kwa mshono wa Batuli. Akakifunga tena kwenye kigingi, na wakati anakaza fundo upepo wa Meru ukashuka, ule wa bure, ukapita juu ya majani yote hadi kwenye kitambaa, kikainuka kikampiga usoni, na ubaridi ukamwingia shingoni, mgongoni, kwenye makovu. Ulikuwa mzuri. Batuli hakudanganya. Alifumba macho akabaki hivyo, mkono mmoja kwenye shingo ya ndama, na nyuma yake baba yake alikuwa bado anamwita atoke kwenye nyasi.